Mzee Roketi na Sehemu ya Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza baba yetu, asanteni kwa kufika, haya ndiyo maisha yake kwa kadiri sisi wa nyumbani tunavyoyajua, na palipo na uongo tumeusema kuwa ni uongo, maana mwenyewe aliagiza hivyo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Roketi hata mkasahau jina lake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, akaanza shule mwaka 1949, akamaliza darasa la nane Desemba 1956, akijulikana zaidi kwa kufungua redio za watu kuliko kuzifunga.

Tarehe 1 Februari 1960 aliajiriwa katika ukumbi wa sinema wa barabara ya stesheni kuendesha mashine ya picha, na kwa kuwa picha nyingi zilikuja kwa lugha ambayo watazamaji hawakuielewa, alipewa pia kipaza sauti, awe anaeleza kwa Kiswahili yanayotokea. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili, katika chumba kidogo chenye joto kali, shati limelowa, jicho moja kwenye tundu la ukutani na mkono mmoja karibu na mkanda wa filamu, usije ukakatika.

Kilichompa jina ni picha ya mfululizo ya safari za anga, yenye sehemu kumi na mbili, iliyoonyeshwa kila Jumamosi saa tisa alasiri kuanzia tarehe 6 Julai 1963. Ilikuwa picha ya zamani hata wakati huo, roketi ya bati, waya zilizoishikilia zikionekana, moshi ukipanda juu kama wa jiko, na fundi wa kuchomelea aliyekaa safu ya mbele hakuacha kupaza sauti, "Hiyo nileteeni mimi, nitawaungia vizuri zaidi!" Lakini kila sehemu ilimwacha mtu ananing'inia juu ya shimo la moto, taa zikawashwa, na ukumbi mzima ukaenda kubishana sokoni, kwa kinyozi na kwenye foleni ya maji, atatokaje pale. Hicho ndicho kilichowarudisha, siyo uzuri wa roketi, kwamba kila mmoja alipewa juma zima la kumwokoa yule mtu kwa akili yake mwenyewe, na Jumamosi alikuja kuangalia kama kapatia.

Tarehe 21 Septemba 1963, siku ya sehemu ya mwisho, waliingia watu mia nne, na marehemu alipofungua kopo lililoandikwa Sehemu ya Kumi na Mbili, alikuta ndani filamu ya mafunzo ya kukamua ng'ombe. Angeweza kuwarudisha watu makwao. Badala yake aliwasha taa ya mashine bila mkanda, pazia likabaki jeupe, akatangaza kwamba picha imeharibika njiani ila kampuni imemletea maandishi yake yote, kisha akawasomea kutoka kwenye karatasi ambayo kwa kweli ilikuwa orodha ya vipuri. Katika simulizi hiyo, msaidizi wa mwanasayansi, dada ambaye kwa sehemu kumi na moja kazi yake ilikuwa kupiga mayowe tu, alivua kofia, akaingia chini ya injini, akaunga waya kwa meno, akawarudisha wote salama. Watu walisimama juu ya viti kushangilia. Uongo huo aliujua yeye, na baadaye mke wake, basi.

Alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, tarehe 17 Aprili 1965, akichelewa harusini saa moja na nusu kwa sababu mkanda ulikatika, wakapata watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja. Alikuwa baba mpole, aliyetengeneza mitambo ya watu wote huku bomba la jikoni kwake likivuja miaka tisa, na hilo nalo lisemwe. Ukumbi ulipofungwa mwaka 1982 alirudia ufundi wa redio, hadi macho yalipomkatalia mwaka 2011.

Alianza kuugua moyo Oktoba 2017. Aprili 2019 mjukuu wake, akidhani anamfurahisha, aliiandikia maktaba moja ya filamu nchi za nje, akatumiwa nakala ya ile sehemu ya kumi na mbili yenyewe. Marehemu hakula siku mbili. Kwa miaka zaidi ya hamsini alikuwa amesalimiwa barabarani kwa ajili ya ule mwisho, na wapo walioujengea maisha, wa kwanza akiwa fundi umeme wa mtaa wetu, mama aliyekuwa na miaka kumi siku ile, ambaye kila alipokataliwa karakana aliwauliza wanaume, "Kwani roketi aliiunga nani?" Baba aliogopa kumvunja moyo mtu huyo kuliko alivyoogopa ugonjwa. Mama yetu alimwambia, "Ulidanganya mia nne kwa mkupuo mmoja, baba watoto, leo unaogopa arobaini waliobaki? Nenda kaseme."

Jumamosi tarehe 8 Juni 2019, saa tisa alasiri, katika bwalo la shule, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliwaeleza wale arobaini ukweli wote, kisha picha ikaanza. Dakika ya pili yule dada alizimia, akabebwa begani kama gunia, na hakuamka hadi roketi ilipotua. Marehemu akainamisha kichwa. Ndipo fundi umeme aliposimama, akasema, "Mzee Roketi, huyu simjui, hajanifundisha kitu mimi. Irudishe mwanzo, zima sauti, tupe yetu!" Fundi wa kuchomelea naye, mkongojo juu, akadakia, "Zima! Zima hiyo!" na bwalo zima likaitikia. Picha ikarudishwa, baba akashika kipaza sauti, na watu wenye mvi wakawa wanamalizia sentensi zake, wakimsuta alipotaka kuruka kipande, na dada yule alipozimia tena, walisema kwa pamoja kwamba amelala chini asikilize injini. Walishangilia kuliko mwaka ule. Jioni hiyo alikula, akaomba aongezwe.

Alifariki Jumanne tarehe 13 Agosti 2019, saa nne asubuhi, hospitalini, mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia alipotaka kufungua mashine zao, mwalimu mkuu aliyetupa bwalo, majirani mliopika na kufagia tangu juzi, mafundi redio wenzake mlioleta viti, na nyote mliokaa ukumbini Jumamosi zile na mkaamua, kwa midomo yenu wenyewe, mwisho wa kweli ni upi. Baba, kazi uliimaliza na wenyewe wameipokea, sasa pumzika kwa amani.