Historia ya Nguzo, Fundi wa Simu Aliyevuka Bahari kwa Matanga

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri leo, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma maisha yake, na kwa kuwa yeye hakupenda maneno mengi na mimi nayapenda, tumekubaliana nyumbani kwamba nisome yaliyoandikwa na nisichomekee ya kwangu, nami nitajitahidi.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Nguzo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba aliyekuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama aliyekuwa akishona sare za shule, na inasemekana alitoka mrefu kiasi kwamba mkunga aliuliza kama kuna pacha anafuata au ni miguu ya huyu huyu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971, na huko walimu hawakumkumbuka sana kwa alama bali kwa kuteremsha mipira iliyonasa juu ya paa, kisha akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1975, na baada ya kukaa nyumbani kwa muda akimsaidia mama kukata vitambaa, akajiunga na chuo cha ufundi na kupata cheti mwishoni mwa mwaka 1978.

Mwezi Januari 1979 aliajiriwa na kampuni ya simu kuwa fundi wa laini, kazi ya kupanda nguzo kwa viatu vya chuma na mkanda wa ngozi kiunoni, na huko ndiko alikopata lile jina, kwa sababu akishapanda hashuki, chai anapandishiwa kwa kikapu, na msimamizi wake alizoea kusema kwamba ukimtafuta huyu bwana usiangalie kushoto wala kulia, angalia juu.

Mwezi Agosti 1986 alitumwa kutengeneza laini ya ofisi ya bandari, na siku hiyo ilikuwa imetia nanga meli ya matanga, ile ya zamani, yenye milingoti mitatu mirefu na mabaharia wanaopanda kwa mikono, ikijiandaa kuvuka bahari kuu hadi bara la upande wa pili bila kutegemea injini. Basi kaka akiwa juu ya nguzo yake akajikuta amelingana macho na mtu mmoja aliye juu ya mlingoti wake, na mtu huyo alikuwa sarahangi wa meli, yaani msimamizi wa mabaharia na kamba zote, ambaye alimpigia kelele akamuuliza huko juu anaogopa nini, naye kaka akajibu kwamba anaogopa mke tu, na kwa bahati nzuri hajaoa. Sarahangi alicheka, akamwambia meli imepungukiwa watu wasioogopa kwenda juu, na kabla ya jua kuzama kaka alikuwa ameshuka kwenye nguzo, amepanda kwenye mlingoti, ameshuka tena na kuomba likizo isiyo na malipo.

Nyumbani hapakukalika. Mjomba alisema huo ni wazimu wa wazi, na mama yetu, Mungu amrehemu, alisema yeye hakuzaa samaki, akasusa chakula siku nzima, lakini jioni alionekana akimshonea mwanawe suruali mbili za turubai zenye magoti ya kitambaa maradufu, na tukajua amekubali. Meli iling'oa nanga tarehe 9 Septemba 1986.

Sasa familia imeona si vizuri kuficha lililotokea safarini, kwa sababu ndilo lililomkaa marehemu moyoni maisha yake yote, na asiyelijua hilo hamjui Nguzo.

Fundi wa laini anapofunga kamba, anaifunga isifunguke mvua ije jua lije, kwa maana ikifunguka juu ya nguzo mtu anakufa, lakini baharia anafunga fundo linaloshika vizuri na bado likafunguka kwa mvuto mmoja, kwa maana tanga lisipoachiwa haraka upepo unapogeuka, meli inalala ubavu na wanakufa wote. Kaka alifundishwa fundo la kibaharia, akalijua, akalifunga kila zamu mbele ya Sarahangi bila kosa, ila moyoni hakuliamini, aliliona kama mlango uliofungwa kwa kitasa bila ufunguo, na alasiri ya tarehe 2 Oktoba, alipoachwa peke yake kuifunga kamba ya tanga kubwa la mlingoti wa kati, alifunga kama alivyofundishwa, kisha kwa wema wake akaongeza juu yake fundo la kampuni ya simu.

Muda si mrefu upepo uligeuka ghafla na mvua kubwa, nahodha akaamuru tanga liachiwe, kamba ikavutwa, wapi! Meli ililala, maji yakaingia juu ya sitaha hadi magotini, watu wakashika chochote kilicho karibu, na Sarahangi akafika kwenye fundo lile, akalitazama mara moja, akaingiza vidole vya mkono wa kushoto kulilegeza huku kisu kikiwa mkono wa kulia, na tanga likashtuka, kamba ikakaza, ikaondoka na vidole viwili, cha mwisho na cha pete. Alikata kamba kwa mkono uliobaki, tanga likaachia, meli ikasimama wima, na hapo ndipo alipokaa chini. Hakufa mtu.

Kaka alimfuata chumbani alikokuwa akishonwa na mganga wa meli, akamwomba radhi akilia, naye Sarahangi, uso umemkunjamana kwa maumivu, aligeukia ukutani akasema neno moja tu, kwamba arudi kazini. Kazi yenyewe nahodha alikuwa ameshamnyang'anya, akampeleka jikoni kumenya viazi, na tangu saa ile marehemu alitaka kitu kimoja tu duniani, asikie kwa kinywa cha Sarahangi kwamba amemsamehe.

Hakukisikia. Kilichotokea ni kwamba baada ya wiki kama mbili, Sarahangi, mkono ungali umefungwa bendeji, aliingia jikoni, akamtazama, akamwonyesha juu kwa kidevu na kusema twende, nahodha akapinga, wakaongea faraghani, nahodha akaridhia, na kuanzia hapo kaka alirudi mlingotini. Kwenye foromali, ile boriti ndefu ya mlalo inayobeba tanga, mabaharia husimama kwa safu juu ya kamba moja, matumbo yamelala kwenye mti, wakikunja tanga kwa mikono miwili, na Sarahangi alimweka Nguzo kushoto kwake, upande wa mkono mbovu, hapo hapo kila zamu, kila upepo, hadi walipofika nchi kavu mwishoni mwa Novemba, na pia safari nzima ya kurudi. Kaka alidhani amewekwa hapo ili asimamiwe kwa karibu kama mwizi.

Alirejea nyumbani mwezi Mei 1987, mweusi tii, mikono kama gome la mti, akarudishwa kazini na kampuni ya simu, na walioanza kazi chini yake watakumbuka kwamba sharti lake la kwanza lilikuwa hili, ukifunga kitu mbele yangu, kifungue mbele yangu.

Kuhusu ndoa, marehemu alikwenda kumsalimu Sarahangi kwao, kwa kweli akitafuta lile neno, na badala ya neno akamkuta dada yake Sarahangi, muuzaji katika duka la dawa, ambaye ndiye wifi yetu huyu aliyeketi hapa mbele. Wapendanao walipatana upesi, shida ikawa moja, kwamba baba wa binti alikwisha kufariki na mwenye kauli nyumbani alikuwa Sarahangi huyo huyo mwenye vidole vinane, na kaka alikonda kwa hofu. Wazee wetu walikwenda kuposa wamejiandaa kwa maneno ya siku nzima, lakini Sarahangi alikubali kabla chai haijamiminwa, haraka kiasi kwamba mjomba aliporudi alituuliza faraghani kama binti ana kasoro gani. Ndoa ilifungwa tarehe 16 Aprili 1988. Kila mtu alifurahi isipokuwa bwana harusi, ambaye alimwambia mkewe kwamba kaka yako amenikubali ili nisimpotee machoni.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza, wa kike, mwaka 1989, ambaye ni mwalimu, wa pili, wa kiume, mwaka 1992, fundi umeme, ambaye kwa amri ya baba yake hakuruhusiwa kukaribia chombo chochote cha majini, hata mtumbwi wa kukodi, na wa tatu, wa kike, mwaka 1997, ambaye ni mhudumu wa maktaba, pamoja na wajukuu wanne.

Sarahangi aliendelea na ubaharia na alikuja kuwatembelea kila alipopata likizo, na nyote mliowahi kumwona mtakumbuka kwamba alikula, aliongea, hata kwenye picha za harusi alisimama, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Sisi kwa ujinga wetu tulimwita mwenye maringo. Marehemu yeye aliona ni lawama, aliona shemeji anauficha mkono ule kama mtu anavyofunika ushahidi ili autoe siku moja, na kila mgeni huyo alipoondoka, marehemu alisimama mlangoni akamwambia mkewe, hajasema, mkewe akamjibu, si umuulize, naye akasema msamaha hauombwi mara mbili, ukishaomba unangoja. Aliungoja miaka thelathini na tano. Mtu wa watu, mwenye kazi yake, nyumba yake, watoto wanaomheshimu, na akiwa peke yake anahesabiwa makosa na mtu ambaye hata hakuwa anahesabu.

Alistaafu mwezi Machi 2018 akiwa msimamizi mkuu wa mafundi wa laini, na mwaka 2020 alianza kusumbuliwa na moyo, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akatibiwa kwa vidonge na kupunguziwa chumvi, jambo alilolilalamikia kuliko ugonjwa wenyewe, hadi tarehe 30 Mei 2022 hali ilipobadilika akalazwa katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha.

Sarahangi, naye sasa mstaafu mwenye mvi, alifika kwa basi tarehe 3 Juni, saa ya kuona wagonjwa, akamkuta shemeji yake ameteremka kitandani nusu, anashindwa kujivuta, na kwa haraka akatoa mikono yote miwili akamshika chini ya makwapa akamwinua. Marehemu aliuona mkono ule waziwazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akalia kama mtoto, akamwambia, shemeji, ninakufa na hujanisamehe.

Mjane ni shahidi wa yaliyofuata, maana alikuwa hapo na bakuli la uji. Sarahangi kwanza hakuelewa. Alipoelewa alikasirika, akauliza kwa sauti ya sitahani, wewe, si nilikuweka kushoto kwangu, baharia asiye na mkono wa kushoto anamweka nani kushoto kwake, kila mtu kwenye meli ile alijua nimekusamehe, hata mpishi alijua, isipokuwa wewe, na dada yangu je, dada yangu nilimpa nani? Marehemu akamuuliza, na mkono mfukoni je? Akajibu kwamba siku ya harusi aliona bwana harusi kila akiutazama mkono anaacha kula, akaona bora auweke mfukoni ili mwenzake ashibe, na ndivyo alivyofanya tangu hapo. Walishikana wakalia na kucheka kwa pamoja, mpaka muuguzi akaja kuwauliza kama hapa ni wodini au sokoni, na mjane akaweka bakuli chini akasema, kumbe miaka yote hii nimelisha mabubu wawili.

Siku zilizobaki Sarahangi hakuondoka. Alimwosha, alimgeuza, alimlisha, na marehemu, mtu wa aibu ambaye hakukubali hata mwanawe amvue shati, kwa Sarahangi alikubali, na alikula kila alichopewa, bila chumvi. Alifariki dunia tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, Sarahangi akiwa amekaa kulia kwake na mkono wa kushoto umeshika wa kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi aliyewafokea kisha akajifanya haoni saa ya wageni ikipita, inawashukuru majirani waliopika na kufagia tangu habari zilipotufikia, inawashukuru wafanyakazi wa kampuni ya simu, wa zamani na wa sasa, waliobeba jeneza, na inamshukuru wifi yetu kwa kutupokelea kaka yetu alipotoka baharini na kuishi naye pamoja na kimya chake.

Tumezoea katika hali kama hii kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, azungumze na familia. Tunalitangaza hilo, nyumba iko wazi. Lakini yule mmoja ambaye kaka yetu aliamini kwamba anamdai amesimama hapa kando yangu, tumemwomba aseme mwenyewe akashindwa, ameninong'oneza tu, na nimepewa ruhusa kuyasema haya yasiyoandikwa. Amesema hamdai, hakuwahi kumdai.

Pumzika kwa amani, kaka. Hudaiwi.