Mkono wa Madirisha Sita

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ndiyo miaka aliyofanya kazi Mama Madirisha katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, na Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane mwezi wa sita, saa tisa alasiri, anavua aproni na kustaafu. Karani wa ofisi ya wafanyakazi alinipigia simu akaniomba nusu ukurasa kwa ajili ya programu ya sherehe. Nusu ukurasa! Mtu amefua mashuka yenu miaka yote hiyo, halafu mnampimia maneno kama kipande cha sabuni. Nimeandika ninavyotaka. Mimi nilikuwa fundi cherehani wa chumba hichohicho, nimestaafu miaka mitatu iliyopita, nina wajukuu wanane, shule niliiachia darasa la nne, na hakuna aliyebaki anayemjua huyu mama tangu siku yake ya kwanza isipokuwa mimi. Basi kaeni mnisome.

Siku hiyo ya kwanza alikuja na sketi ya kijivu, mikono kaificha mifukoni, tukadhani ana maringo. Chumba chetu cha wakati ule kilikuwa na mashine tatu, moja mbovu, beseni refu la saruji la kulowekea, pasi kubwa ya rola, na sabuni ya unga iliyokuwa kali mpaka ukifungua gunia unalia kama umefiwa. Alipotoa mikono aanze kazi, sote tukaacha mashuka tukaitazama. Ngozi ilikuwa imepauka, imepasuka kwenye vifundo vya vidole, na ndani ya viwiko imekuwa nene na ngumu kwa kukunwa. Ulikuwa ukurutu, ule ambao wengine huuita pumu ya ngozi, alikuwa nao tangu anabebwa mgongoni. Hauambukizi. Sisi hatukujua, na hatukuuliza. Wakati wa chai kila mtu alivuta kikombe chake karibu yake. Na mimi nilivuta changu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alikunywa chai yake amesimama mlangoni, akarudi kwenye beseni, akafua kuliko sisi sote.

Mwaka wake wa pili mambo yaliharibika. Majira ya baridi kavu, sabuni ile, maji ya moto kutwa nzima, mikono ikafunguka. Siku moja tone la damu likaonekana kwenye shuka la chumba cha upasuaji lililokwisha kupigwa pasi. Msimamizi wetu wakati huo alikuwa mama mmoja mrefu tuliyemwita Jemadari, na jina hilo hakulipata kwa kubembeleza watu. Alimwita mbele yetu akamwambia kwamba mikono yenye vidonda haigusi nguo za wagonjwa, kwa faida ya wagonjwa na kwa faida yake mwenyewe. Akampa wiki tano. Mikono ikipona, atabaki. Isipopona, atafute kazi isiyo na maji. Na kazi isiyo na maji ilikuwa wapi? Alikuwa na mabinti wawili wadogo na mama yake mzee, wote wakimtazama yeye.

Daktari wa ngozi alimpa dawa ya kupaka ya kutuliza vidonda, akamwambia ukweli: dawa ile itauzima moto, lakini ngozi yake inataka kulishwa mafuta kila siku, maisha yake yote, la sivyo moto utarudi. Akamwandikia krimu moja ya kigeni. Alikwenda kuiulizia duka la dawa, akatajiwa bei, akashukuru, akatoka. Krimu ile ilikuwa ya watu wengine.

Ndipo akaanza kufanya lile jambo lililompa jina. Aliamua kutafuta mafuta yake mwenyewe, katika yale ya bei ya watu kama sisi, na aliamua kutafuta kwa utaratibu. Alisema mtu mwenye ngozi kama yake akijipaka kitu kipya mwili mzima ni sawa na kuingiza mgeni ndani ya nyumba na kumkabidhi funguo. Bora kwanza akae barazani, tumtazame. Kwa hiyo akachukua kalamu ya wino, akajichorea miraba sita upande wa ndani wa mkono wa kushoto, kila mraba mafuta yake, asubuhi na jioni, siku saba. Na sisi wanawake wa kufulia, ambao kikombe tulimficha, kwenye mafuta kila mmoja akawa profesa. Huyu ameleta mafuta ya nazi, yule glisirini, mwingine losheni ya mtoto wake, kila mmoja akiapa kwamba ya kwake ndiyo yenyewe.

Siku ya nne miraba yote sita ilikuwa inawasha kama upupu. Akaifuta yote, akakaa juu ya gunia la sabuni, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona analia kazini. Wiki nzima ya zile tano imekwenda na maji. Mimi niliutazama ule mkono kwa jicho la fundi. Muwasho ulikuwa kwenye mistari. Katikati ya miraba mitatu ngozi ilikuwa shwari kabisa! Nikamwambia, wewe mwanamke, umeyahukumu mafuta ya watu bure, kinachokuwasha ni wino.

Jioni ile nilichukua shuka kuukuu, laini kwa kufuliwa, nikashona mkono mmoja mrefu wa nguo, wa kuvaa toka kifundo cha mkono mpaka juu ya kiwiko, nikakata matundu sita na kuyapinda kingo. Mafuta yanapakwa ndani ya tundu tu, wino hakuna. Fundi wa mashine alipouona akauliza kama mama huyu anajenga nyumba, mbona ameweka madirisha. Jina likanata hapohapo.

Sasa nyinyi wenye ngozi kavu mnaouliza kila siku, nayaandika majibu ya madirisha ili msimsumbue mama wa watu kwake. Dirisha la kwanza, mafuta ya nazi: asubuhi raha, ikifika saa sita ngozi imekauka tena kama hukupaka kitu. La pili, losheni ya watoto yenye picha ya mtoto anacheka: siku ya tatu muwasho, harufu ndiyo mbaya wake. La tatu, glisirini tupu: ilimchoma mpaka akaruka. La nne, mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato: kimya, hayana maneno na mtu. La tano, mafuta ya alizeti: hayakumdhuru, ila alinuka kikaango na paka wa jikoni akamfuata hadi getini. La sita, ile krimu nyeupe nzito inayopimwa kwenye kopo katika duka la dawa, haina harufu, haina picha, haina jina la kujivunia: ngozi ikalainika kama ya shavu.

Akaiweka hivi. Anaoga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Anajifuta kwa kugusagusa, hasugui. Ngozi ingali na unyevu anapaka krimu ya kopo, na anapolala anaongeza mafuta ya mgando juu yake. Kazini anavaa glavu za pamba ndani ya zile za mpira. Hiyo ilikuwa ya ngozi yake. Ya kwako huenda ikakataa, nawe utafute dirisha lako. Na kama una vidonda, nenda kwa daktari kwanza; hata yeye alianzia huko.

Wiki ya nne ikakuta mikono inafunga. Ikaingia ya tano, zikabaki siku nne Jemadari aikague. Na hapa ndipo nilipomharibia mimi.

Mwanangu wa kiume alikuwa ameniletea losheni ya chupa ya dhahabu, inanukia chumba hadi chumba. Nikaona mafuta ya kopo ni umaskini, na mimi nina kitu cha maana cha kumpa. Alisema, “Dada, nipe siku saba, niiweke dirishani kwanza.” Nikakasirika. Zawadi yangu ikae dirishani kama mwizi? Nikamshika, nikampaka mwenyewe, viganja na migongo ya mikono yote miwili hadi pale kinapoanzia kile kitambaa cha madirisha, alichokuwa bado anakivaa, na yeye kwa adabu yake akaniachia. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, vimejaa maji, haviwezi kukunja hata foronya.

Jemadari akauliza imekuwaje. Mimi nilikuwa pale, cherehani mbele yangu, mguu juu ya pedeli. Nilinyamaza. Mama Madirisha akajibu kwamba alisahau glavu. Akapokea karipio la maandishi kwa ajili hiyo, akasaini kwa vidole vile vilivyovimba. Kisha akavua kile kitambaa cha madirisha, akamwonyesha Jemadari la nne na la sita. Jemadari akapitisha kidole pale. Akapitisha tena. Akasema, “Hii ngozi ni ya mtu huyuhuyu?” Akamwongezea siku kumi.

Siku ya kumi mikono ilikuwa imefunga, akabaki. Lile karipio limo kwenye faili lake mpaka leo. Nawaambia wakubwa wa ofisi: lichaneni. Glavu hakusahau. Losheni ilikuwa yangu, na mdomo uliofungwa ulikuwa wangu. Yeye alijua, nami nilijua kwamba anajua, na kesho yake wakati wa chai alisogeza kiti chake karibu na changu. Toka siku hiyo tumekunywa chai kikombe kwa kikombe.

Yaliyofuata mnayajua, lakini mnayachukulia kama yalishuka na mvua. Nani alifanya mashuka ya wodi ya watoto yasuuzwe mara mbili? Yeye. Nani alikwenda ofisini mara kumi na moja mpaka sabuni yenye manukato ikaondolewa, na glavu za pamba zikatolewa kwa kila mfuaji? Yeye. Jemadari alipostaafu, yeye ndiye aliyeachiwa chumba, na amekiongoza miaka kumi na saba. Wauguzi walikuwa wakiwaleta akina mama wenye watoto wanaojikuna waje wauone mkono wake. Kwanza anawauliza kama wamemwona daktari, halafu ndipo anakunja mkono wa blauzi. Mtoto akiona mtu mzima ana ngozi kama yake, na anacheka, anaacha kujificha nyuma ya mama yake. Nimeliona hilo kwa macho yangu, si mara moja.

Kuna muuzaji mmoja alikuja na sampuli na tai, anataka mama aseme hapohapo kwamba krimu yake ni nzuri. Aliambiwa asubiri siku saba. Alirudi, akaonyeshwa dirisha la tatu limechachamaa, akafunga begi lake taratibu. Mwaka uliofuata alirudi bila tai, kambeba mtoto wake wa miezi mitano anayejikuna, akakaa kwenye foleni kama wenzake.

Msidhani hana makosa. Kwanza anawanusa watu. Mhasibu wetu ameshafukuzwa mlangoni mara tatu kwa sababu ya marashi yake, na safari moja alikuwa amebeba mishahara! Pili, siku saba zake hizo. Umuulize rangi ya mapazia, siku saba. Umuulize kama chai ina sukari, anafikiri. Binti yangu alipoleta mchumba, nikamuuliza shoga yangu anamwonaje. Akasema tumpe siku saba. Siku ya sita kijana alikuja kuazima baiskeli ya mume wangu, hatujamwona tena, wala baiskeli.

Sasa nije kwenu, kamati ya zawadi. Jumatatu nilipita ofisini nikaonyeshwa mlichomnunulia: kikapu chenye utepe, ndani losheni nne, sabuni za maua, na mafuta ya kuogea ya rangi ya zambarau. Nilikinusa nikiwa bado kwenye ngazi. Mmefanya kazi na mtu huyu miaka, mkono wake mmeuona, jina lake mnaliita kila siku, na mnataka kumuaga kwa kikapu cha muwasho? Nilitaka kuwatukana. Halafu nikaikumbuka ile chupa ya dhahabu, nikaona wa kwanza kutukanwa ni mimi. Kikapu kimerudi dukani. Nimekirudisha mwenyewe, nikachukua makopo kumi na mawili ya ile krimu nyeupe na mafuta ya mgando ya kumtosha mwaka mzima. Hayapendezi kwenye picha. Mpigeni picha yeye.

Mkuu wa stoo naye amenipa mashuka manne ambayo hospitali imeyatoa kazini. Ni yale ya wodi ya watoto, aliyoyafua na kuyasuuza mara mbili kwa miaka mingi kwa amri yake mwenyewe, hakuna kitambaa laini kama hicho katika duka lolote. Nimemshonea gauni la kulalia, refu, mishono yote nje isimguse.

Shoga yangu, umetufulia, umetuvumilia, asante. Nenda nyumbani ukalale mpaka jua likuchoke, ukiulizwa jambo jibu siku utakayotaka, na ngozi yako ikutulie kama ulivyotutuliza sisi. Gauni nimelishona mikono mirefu. Wa kushoto nimeukagua mara mbili, sikutoboa dirisha hata moja.