Kitongoji Kilichoandikwa Mahame

Wapendwa, mimi si mzoefu wa kusimama mbele za watu, kwa hiyo nikikwama msinicheke sana. Namshukuru Mungu aliyenifikisha leo.

Mnatujua sisi wa kule juu. Mpunga wa Madibira ukianza kuiva, tunahamia mashambani nyumba nzima. Tunaamia ndege wasile mpunga, tunalala vibandani, na huku nyuma milango tunaiziba kwa miiba mbuzi wasiingie. Mwaka ule balozi wetu wa nyumba kumi alitutangazia kwamba watakuja vijana wa ramani, watapita na simu kuhakiki kila nyumba, ili bajaji mpya ya kubeba wagonjwa ijue pa kwenda. Tukasema watatukuta tukirudi, ndege hawamsubiri mtu. Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo linanila mpaka leo.

Vijana walikuja wakakuta miiba milangoni na majani yameota uani. Hapakuwa na wa kumuuliza. Kitongoji kizima wakakiandika mahame, yaani watu wamehama, na njia yetu ya kupanda kule juu haikuingizwa kabisa kwenye ramani.

Tulirudi na mavuno, tumefurahi, hatujui lolote. Kisha mkwe wangu, mke wa mwanangu, akashikwa na uchungu. Tukapiga simu. Dereva alifuata ramani mpaka ilipoishia kule bondeni, akasimama, akatuambia huko mbele hapana watu wala njia, labda tumekosea kumwelekeza. Mtandao ukakata. Tukambeba mama wa watu kwa machela ya miti na kanga. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Niwe mkweli, niliwachukia wale vijana. Na dereva nikamchukia. Kanisani nikaacha kuja. Mnakumbuka mlivyokuwa mnanifuata nyumbani, nami najifanya nimelala. Shamba likajaa magugu. Hata chakula nilipika tu kwa sababu wenzangu walikuwa na njaa.

Siku moja binti mmoja wa wale wa ramani alirudi, akakaa chini uani kwangu, akasema amesikia habari za mtoto. Nilitaka kumfukuza. Mkwe wangu ndiye aliyetoka ndani, amejifunga kitenge, akaniambia, "Mama, twende tukamwonyeshe njia. Nikipata mwingine, nataka waijue."

Kama yeye aliweza, mimi ni nani? Tukatembea na yule binti nyumba hadi nyumba. Mimi nataja mwenye nyumba, yeye anabonyeza simu. Jioni ile nililala usingizi wa kweli, na Jumapili mkaniona hapa.

Nawashukuru ninyi kina mama mliopalilia shamba langu bila kuniuliza kitu, na binti yule, na mkwe wangu kuliko wote. Nanyi mnaojitolea na hizi ramani, nawaomba, mkikuta mlango umefungwa msiandike kitu kabla hamjajua mwenyewe kaenda wapi. Na sisi wenye nyumba, wakija wageni wa kazi kama hiyo, abaki hata mtu mmoja, ndege tuwaache wale wanachokula.

Mwezi uliopita jirani yangu alishikwa na uchungu. Bajaji ikapanda mpaka uani kwake, haikukwama hata mahali pamoja. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa kizingitini nikalia, maana njia ilikuwa ileile ya siku zote.