Ubao wa Ghala la Matufaha

Sogeeni, wanangu, mkae wote upande huu wa kitanda, maana shingo yangu haina tena nguvu ya kugeuka huku na kule kuwatafuta. Wewe kifungua mimba wangu, acha kutazama dirishani. Na wewe binti yangu, kitinda mimba, futa hayo machozi, utalia nikishamaliza.

Kuna kitu kinaoza chini ya chumba hiki. Macho yamefifia, miguu imekwisha, lakini pua bado ninayo, na tangu asubuhi harufu ya tufaha bovu inapanda kwenye mbao za sakafu inanikaba koo. Najua mlipigilia ubao katikati ya ghala, huku kwa kaka, kule kwa dada, kila mtu na chake. Mlidhani mgonjwa hasikii nyundo? Iliniuma kuliko huu ugonjwa. Wewe mwanangu uliona kreti za dada yako zimeanza kubadilika rangi, ukanyamaza, ukasema moyoni, shauri yake. Na wewe binti ukazifunika kwa magunia ili kaka yako asikucheke. Jamani, ubao unazuia mkono, hauzuii hewa! Samaki mmoja akioza wameoza wote, na matufaha ni hivyo hivyo. Hayo ya kwako, bwana mkubwa, yanafuata.

Baba yenu na ndugu yake waligombania mti mmoja wa mpakani, wakanuniana mpaka mmoja akamzika mwenzake bila kumsemesha. Siku ile baba yenu alirudi kutoka makaburini akaketi ghalani, tufaha mkononi, asilile. Sitaki kuwaachia urithi huo.

Nisikilizeni basi, ningali na pumzi. Nyumba na miti ni yenu wawili, na haigawanywi. Shukeni ghalani pamoja, mpime kila tufaha kwa kiganja, si kwa ncha za vidole kama mnaobonyeza kengele. Msiyaoshe, maji huyaharakisha kuoza. Lililopondeka lakini bado zima ndani liende kwenye kinu, likamuliwe leo hii. Gumu lenye kikonyo chake lifungwe kwenye gazeti, lisigusane na jirani yake, lisubiri zamu ya kukatwa na kukaushwa. Viazi mlivyoweka humo vitoeni. Nani aliwaambia viazi na matufaha ni watani? Bovu litupwe mbali, wala asiulizwe mtu lilitoka upande gani.

Na ule ubao... nipeni maji kidogo. Ule ubao ung'oeni, lakini msiutupe. Nikishakata roho, nilazeni juu yake mnitoe nao humu ndani, mmoja kichwani, mwingine miguuni, na asije jirani wala binamu kuwapokea. Ngazi ni nyembamba. Mkivutana mtaniangusha, kwa hiyo itabidi msemeshane.

Mungu awalinde. Mikono yenu isipungukiwe kazi, watoto wenu wapendane, miti izae mpaka matawi yaombe mwega wa kuyashikilia. Radhi yangu mnayo, wote wawili... sawa kwa sawa.

Haya, nimechoka. Acheni mlango wazi, nataka kusikia misumari ikitoka...

Mbona bado mmekaa? Nyundo iko... nyuma ya mlango. Nendeni, wanangu. Nendeni wote...