Mbwa Chini ya Mwasumini

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, linatazamana na ua wa Fundi Saa, na sheria yake ni moja: ubishi ukishindikana, kura hupigwa kwa vikombe vya kahawa. Anayekubali anakifunika chake. Kwa kura hizo tumewahi kumwoza mtu, na tulikosea vibaya. Alasiri ile Fundi Saa alikuja na jembe mkononi, macho mekundu. Siku tisa tangu amzike mkewe, na siku tisa mbwa wao, Bosi, hajagusa chakula. Kutwa kalala chini ya mwasumini alioupanda marehemu, matawi yamemfunika, unaona mkia tu.

— Niambieni ukweli, jamani. Asumini ni sumu kwa mbwa? Kama ni sumu, naung'oa sasa hivi. Ila mjue, mti huu na huyo mbwa ndio alioniachia. Sitaki kuwapoteza wote wawili.

Daktari, ambaye udaktari wake ni kufagia zahanati miaka mitatu, alikohoa kwanza.

— Sumu tupu. Harufu inapanda kichwani, inashuka tumboni, inafunga mlango.

— Mlango gani?

— Wa njaa. Mtaalamu hakatizwi!

Redio, kinyozi wetu, hakukubali kupitwa.

— Harufu ingekuwa sumu, maharusi wangeisha. Shida ni mizizi. Imezoea kunyonya. Jana maji, leo mbwa.

— Wewe Redio, nywele za watu zimekuingia kichwani, akasema Daktari.

— Cheka tu. Mbona mbwa wote wa mtaa wakifika pale wanavuka barabara?

Hapo hakuna aliyecheka, maana ni kweli. Mimi mwenyewe nimewaona, wanashusha mkia na kupita upande wa pili.

— Tena asubuhi Bosi anatikisa mkia, nikasema. Hakuna mtu pale, yeye anatikisa tu.

— Degedege hiyo! Daktari akaamua. Pigeni kura, mti ung'olewe.

Vikombe vitatu vikafunikwa, changu kikiwemo, Mungu anisamehe. Fundi Saa akavuka barabara taratibu, sisi nyuma yake. Alipoinua jembe, Bosi akatoka chini ya matawi, akajinyoosha. Manyoya yanang'aa. Tumbo limejaa, kanenepa kuliko siku ya msiba.

Mpangaji mpya, mwalimu aliyehamia chumba cha uani juzi, alikuwa anaanika nguo. Akalitazama jembe, akatutazama sisi.

— Shikamooni. Huyo mbwa kafanya nini?

— Mgonjwa, binti yangu, akasema Daktari. Siku tisa hali kitu.

— Huyu? Akacheka kidogo. Sasa nani anamlisha?

Daktari akainama akatazama viatu vyake. Redio akarudi nyuma hatua mbili. Mimi niliogopa, wala sioni aibu kulisema. Fundi Saa alilaza jembe chini.

— Tangu akiwa mdogo, Bosi anakula kwa mkono wa mtu mmoja tu.

Kisha akapiga magoti pale udongoni, akayafungua matawi kwa mikono miwili, akaanza kumwita mkewe.