Mikono Iliyong'oa Miiba ya Nakamba

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, wakwe, majirani, na ninyi watani mliokuja na kelele zenu, familia imenituma mimi, mpwa wa marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu, imenionya nisome kwa upole, nami nimeahidi kujaribu.

Marehemu Nchimunya Muleya, ambaye wengi mlimwita Bina Chipego kwa jina la kifungua mimba wake, alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 hapa Nakamba, kwenye nyanda za mto Kafue, katika kambi ya ng'ombe, maji yakiwa ndiyo kwanza yanapungua, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Muleya, na kwa upande wa mama alikuwa wa ukoo wetu wa mbuzi. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1964, akakomea darasa la sita kwa sababu ndama wa baba yake walikosa mchungaji, lakini hesabu alizijua na kusoma alikujua, ingawa macho yalimwishia mapema.

Tarehe 22 Agosti 1970 aliolewa na Cheelo Hamoonga, mfugaji, mtu mpole kuliko mkewe kwa mbali sana, wakajaliwa watoto watano, ambao kati yao wako hai Chipego, Moonga na Luyando. Mzee Cheelo alifariki tarehe 3 Mei 1996, akazikwa kwenye kichuguu kikubwa cha Kaluundu, kisichofikiwa na maji, katikati ya uwanda, pale pale ilipokuwa kambi yao, na siku hiyo hiyo marehemu alituambia kwamba upande wa kushoto wa kaburi lile ni wake, asije mtu akamzika mahali pengine.

Sasa nisome kazi yake, jamani. Tangu maji ya mto yaanze kufungwa na kufunguliwa kule juu bwawani kwa ajili ya umeme, uwanda wetu ulifurika wakati usio wake, na kile kichaka cha miiba kilichokuja na maji kikatanda kuanzia ukingoni hadi kwenye vichuguu, nyasi zikafa chini yake, lechwe, swala wetu wa majini, wakakosa malisho, korongo wakahama, na ng'ombe wakawa wanarudi nyumbani midomo inavuja damu. Sisi wanaume tulikaa tukasema serikali itakuja. Mwezi Julai 2001 Bina Chipego alishika jembe, akawaambia wanawake wenzake, "Haya, twendeni, miiba haisikilizi redio, haijui kwamba serikali inakuja," akaingia uwandani nao wakamfuata.

Hawakukata, maana kichaka hicho ukikikata kinacheka, kinachipua mara mbili, bali walichimba hadi kwenye mzizi, wakaung'oa, wakauchoma, kila kiangazi, kwa zaidi ya miaka kumi, na walipomkuta korongo ameatamia, marehemu alifunga fundo kwenye nyasi ndefu kando yake, na hapo hapana jembe lililogusa mpaka kifaranga kiondoke. Viganja vyake viligeuka kwato, watani wakamwambia kwamba sasa amekuwa mbuzi kamili. Lakini nyasi zilirudi, korongo wakarudi, na lechwe wakarudi wengi hivi kwamba ukiwatazama kwa mbali ulidhani uwanda wenyewe unatembea.

Na uwanda ulipopendeza, ndipo wenye macho walipouona. Machi 2016 kampuni ya uwindaji na utalii ilikabidhiwa uwanda wote, ikazungusha seng'enge, ikaweka lango, na juu ya lango ikatundika lile bango mnalolijua, linalosema kwamba hapa ni uwanda wa asili usioguswa na mkono wa binadamu. Usioguswa! Siku Chipego alipomsomea, marehemu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Hebu nisomee tena," akasomewa, akaviangalia viganja vyake, akasema, "Kumbe mimi si binadamu."

Mlinzi wa lango aliajiriwa hapa hapa kijijini, naye ni Siachoobe wa ukoo wa fisi, mtani wetu, na kila marehemu alipopita nje ya seng'enge alimpigia kelele, "Wewe fisi, wamekupa kofia ndiyo umekubali kuchunga nyasi za mbuzi?" naye akamjibu, "Bibi mbuzi, sogea mbali, leo sijanywa chai." Tulicheka wote, maana mtani hakasirikiwi.

Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2021 marehemu alianguka jikoni kwa kiharusi. Njia ya hospitali tangu enzi za mababu inakatiza uwandani, hivyo Moonga alimlaza mama yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe akaenda moja kwa moja mpaka langoni, na pale Siachoobe akamwambia, "Kaka, nisamehe, ufunguo anao meneja, na meneja yuko porini na wageni." Moonga alimsihi, akapiga magoti, Siachoobe akalia kama mtoto, lakini machozi hayafungui kufuli. Wakauzunguka uwanda wote kando ya seng'enge, wakafika hospitali jua linazama. Madaktari walipigana kufa na kupona, wakatuuliza kwa nini tumechelewa. Alifariki tarehe 11 Septemba alfajiri.

Tulipoomba azikwe kwa mumewe, kampuni ilijibu kwamba waingie watu kumi tu, na mchana, ili wageni wasisumbuliwe. Kumi! Hao wanawake wa majembe peke yao hawaenei kwenye kumi!

Mnajua kwetu kwamba mtani ndiye anayemchimbia mtani kaburi. Leo kabla hakujapambazuka Siachoobe alikuja hapa bila kofia na bila sare, wanawake wakammwagia majivu kama inavyostahili, akakaa nayo kichwani, akasema, "Mbuzi wangu nilimfungia njia akiwa hai. Leo nitamtangulia." Kaburi limeshachimbwa, upande wa kushoto. Ufunguo anao mfukoni, nasi hatukumwuliza ameupata wapi, kwa maana fisi haulizwi nyama ameitoa wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania roho yake, majirani mliopika nshima, ugali wetu, na kuleta maziwa yenu ya mgando bila kuombwa, na zaidi ya wote wafanyakazi wenzake, wale wanawake aliochimba nao, ambao tunawaomba wabebe majembe yao na wafuate nyuma ya mtani, mbele ya jeneza, na sisi wengine wote, wadogo kwa wakubwa, tutafuata bila kuhesabiwa.

Pumzika, Bina Chipego, katika nyasi ulizozirudisha kwa mikono yako. Bango tutalishusha tukipita.