Inchi Sita kwa Ajili ya Mama

Kinyozi alipita kwenye benchi la kahawa kuuliza swali moja tu, akajuta kabla hajakaa vizuri. Mama yake alikuwa amejikwaa kwenye mashimo ya sakafu ya chumbani kwake, akavunjika mguu. Sasa fundi alikuwa nyumbani anasubiri simenti, aisawazishe sakafu kabla mama hajaanguka tena. Benchini walikuwepo Dereva wa lori la mchanga na Injinia, aliyepewa jina hilo kwa kofia ya ujenzi aliyoiokota.

— Jamani, chumba mita tatu kwa tatu. Fundi kasema unene inchi mbili, ilingane na korido. Mchanga ndoo nne kwa moja ya simenti. Nichukue mifuko mingapi?

— Minne, Injinia alisema.

Kinyozi akainuka.

— Hebu kaa, Dereva alisema. Inchi mbili si sakafu, ni poda. Mama yako mzazi unampaka poda? Weka nne.

— Ili ninunue kwako mchanga lori zima, siyo? Kinyozi aliuliza.

— Mimi namhurumia mama tu.

Injinia hakukubali kupitwa kwa huruma.

— Basi weka sita, na nondo chini. Hata tetemeko lije.

— Injinia, ni chumba cha kulala, Kinyozi alisema.

— Ndiyo maana. Aliyelala atakimbiaje?

Kinyozi alichoka mpaka masikio. Lililomuudhi zaidi ni kwamba alianza kuwaamini. Nani anataka kuitwa mtoto aliyembania mama yake simenti?

Mara mama mwenyewe akatokea, anajikongoja kwa magongo.

— Fundi anauliza simenti iko wapi.

— Shikamoo, mama, wakasema wote, wakimpisha akae.

— Marahaba.

— Tunakuwekea inchi sita, Injinia alijigamba.

Mama akapima kwa kiganja kutoka chini.

— Na korido itabaki palepale?

— Palepale.

— Sasa mguu huu nitaupandishaje niingie chumbani kwangu?

Injinia akachungulia kikombe chake, kilikuwa kitupu. Dereva akakumbuka kwamba ana mzigo wa kupeleka. Kinyozi, uso umemshuka kwa aibu, alikwenda dukani bila kuaga.

— Minne, Injinia alimwambia mama kwa sauti ya chini. Mimi nilimwambia tangu mwanzo.